Mama wa Kijapani na Walalahoi wa Brighton

Brighton ni mji wa pwani, mwendo wa saa moja hivi kwa treni kusini mwa London, na Mwingereza ukimtajia jina hilo atawazia starehe. Kuna kasri lenye kuba za Kihindi alilojijengea George wa Nne, kuna gati lenye bembea na michezo, kuna baa za mashoga ambazo hazijifichi. Mwaka 2010 jimbo moja la mji huu lilimpeleka bungeni Caroline Lucas, mbunge wa kwanza wa Chama cha Kijani nchini humo. Katika kura ya maoni ya 2016, karibu asilimia 69 ya wapiga kura wa Brighton na Hove walikataa kujitoa Umoja wa Ulaya. Kwa kifupi, ni mji unaojiona umekwisha kumalizana na ubaguzi. Brady Mikako amekaa humo tangu 1996, na karibu kila alichokiandika kinahusu Brighton ambayo watalii hawapelekwi: mitaa ya nyumba za kupanga za halmashauri, na watu wanaoishi kwa posho ya serikali, wengine kizazi baada ya kizazi.

Msomaji wa huku kwetu akiambiwa habari za Mzungu anayeishi kwa posho huenda akaguna. Tumezoea kumwona Mzungu akiwa mtalii, mtaalamu au mfadhili. Wajapani nao walikuwa na Uingereza yao ya kufikirika, ya chai ya saa kumi na bustani za waridi, na huyu mama ndiye aliyewaharibia.

Alizaliwa Fukuoka, kusini mwa Japani, mwaka 1965, binti wa kibarua wa ujenzi. Alifaulu kuingia shule ya sekondari yenye sifa, akawa anafanya kazi ndogondogo baada ya masomo ili apate nauli ya basi. Mwalimu alipomhoji kwa nini anafanya kazi, akaeleza, naye mwalimu hakumwamini: katika Japani ya leo, familia ya namna hiyo iko wapi? Amekisimulia kisa hiki mara nyingi, wala hakisimulii ili ahurumiwe. Japani ya miaka ile ilikuwa imejiaminisha kwamba raia wake wote, zaidi ya milioni 100, ni watu wa tabaka la kati. Maskini hakutukanwa wala hakufukuzwa. Alionekana tu kuwa anasema uongo. Binti huyu akakimbilia muziki wa panki, ambamo vijana wa Kiingereza wasio na kitu walikuwa wanatangaza kwa makelele kwamba hawana kitu. Akaenda Uingereza, akarudi, akaenda tena, hatimaye akalowea huko. Akaolewa na Mwairishi aliyekuwa akifanya kazi benki katikati ya London. Mume alipopunguzwa kazini akashika usukani wa lori, kazi aliyoitamani tangu utotoni. Mikako mwenyewe alifanya kazi katika ofisi ya kampuni ya Kijapani London, akafanya tafsiri, kisha, akiwa mtu mzima mwenye mtoto mdogo, akaenda kusomea ulezi wa watoto.

Hapo ndipo uandishi wake ulipopata mahali pa kusimama. Mwaka 2008 alianza kujitolea katika kituo cha kulelea watoto kilichokuwa ndani ya jengo la shirika la hisani linalohudumia wasio na kazi na wenye kipato duni. Mtaa wenyewe, kwa kipato, ajira na maradhi, ulihesabiwa miongoni mwa asilimia 1 ya maeneo yenye hali mbaya kuliko yote nchini. Wazazi wakiwa darasani, au wakisaidiwa kujaza fomu, watoto waliachwa kituoni bila malipo. Walikuwemo wa mama waliozaa wakiwa bado wasichana, wa mama waliokuwa wakipambana kuacha dawa za kulevya, na wa nyumba ambazo ofisa ustawi wa jamii alizijua mlango kwa mlango. Wengine walijua matusi kabla hawajajua rangi. Yeye mwenyewe alikipa kituo jina la utani, kituo cha chini kabisa, na katika maandishi yake jina hilo lina mapenzi zaidi ya dharau.

Kilichomshangaza si umaskini tu. Kituo kiliongozwa na mama mmoja msomi, mjuzi wa mbinu za Montessori za kufundisha watoto, na waliojitolea pale walikuwa mchanganyiko wa ajabu: wanaharakati wasomi wasioamini serikali yoyote, wanaokula mboga tupu, wakikaa sakafuni bega kwa bega na mama waliofukuzwa shule wakiwa na miaka 15. Huko nje watu hawa wasingekutana. Ndani ya chumba hicho walifuta makamasi ya watoto walewale. Mikako hakuwapamba. Anawaonyesha wasomi wakijifanya wajuaji, na mama wa posho wakimwona Mwasia kuwa mtu wa kudharauliwa. Lakini walikuwa chumba kimoja, na hilo lina uzito katika yote yanayofuata.

Ili kuelewa kwa nini chumba kama hicho kiliwezekana, lazima tuiguse siasa kidogo. Mwaka 1999 Waziri Mkuu Tony Blair aliahidi kuufuta umaskini wa watoto ndani ya kizazi kimoja. Serikali yake ilianzisha mpango wa Sure Start, ulioweka vituo vya watoto na wazazi kwanza katika maeneo maskini, na kufikia 2010 vilikuwepo zaidi ya 3,500 nchini England. Fedha zilipatikana pia kwa mashirika madogo ya hisani. Chama chake cha Labour kilikuwa na mengi ya kulaumiwa, na mwandishi wetu hakukiachia, lakini aliye chini alikuwa na mahali pa kumpeleka mtoto.

Tena si mahali pa kumweka tu. Kazi ya ulezi ina hesabu yake, na hesabu hiyo inasema mengi kuliko hotuba. Kwa miaka mingi kanuni za England ziliruhusu mlezi mmoja kwa watoto 3 walio chini ya miaka 2, na mlezi mmoja kwa watoto 4 wa miaka 2. Kwa wa miaka 3 na kuendelea ilikuwa mmoja kwa 8, au kwa 13 akiwepo mwalimu mwenye shahada. Wajapani nao walikubaliana na Waingereza juu ya vichanga: mlezi mmoja kwa watoto 3. Lakini mtoto akishatimiza miaka 3, mlezi mmoja aliachiwa watoto 20. Akitimiza 4, aliachiwa 30. Kiwango hicho cha 30 kiliwekwa 1948, nchi ikiwa magofu baada ya vita, na hakikuguswa mpaka 2024, kiliposhushwa kuwa 25. Miaka 76, katika nchi iliyokuwa moja ya tajiri kuliko zote duniani. Mikako alipokwenda Japani kutembelea vituo vya huko, hesabu hii ndiyo iliyomkaa kooni. Mtu mwenye watoto 30 wa miaka 4 hawezi kumsikiliza mmoja anayeeleza kwa nini amempiga mwenzake. Atapiga makofi ya kunyamazisha chumba, atawapanga mstari, ataimba nao wimbo. Watoto watakuwa watiifu ajabu, na mgeni akipita atasifu nidhamu.

Nadhani hapa ndipo ulipo ubora wake. Waandishi wengi wa mambo ya matabaka huanzia juu, kwa nadharia, kisha humtafuta maskini wa kutolea mfano. Huyu anaanza na mtoto anayeuma wenzake, na kabla hujajua amekufikisha kwenye bajeti ya taifa.

Bajeti hiyo ilibadilika 2010. Serikali ya mseto ya David Cameron iliingia na sera ya kubana matumizi, huku simulizi ikiwa imekwisha kuandaliwa: Uingereza imevunjika, na waliovunja ni hao wavivu wa posho. Halmashauri zilikatwa fedha, vituo vya watoto vikafungwa au vikabaki jina, posho zikapunguzwa. Kuanzia Aprili 2017, familia iliyozaa mtoto wa tatu haikupata tena nyongeza ya posho kwa ajili yake, kana kwamba mtoto huyo alikosea kuja. Mikako alikuwa ameondoka kwenda kufanya kazi katika kituo cha kulipia. Aliporudi katika kile cha zamani, 2015, alikuta kimebadilika sura.

Watoto wengi sasa walikuwa wa wahamiaji. Mama zao walikuja jengoni kujifunza Kiingereza, kwa kuwa masomo hayo bado yalikuwa na fedha. Mama wa posho wa Kiingereza walikuwa wamepungua mpaka kuwa wachache, kwani huduma zilizowaleta zilikuwa zimekatwa. Na hapa anaandika jambo ambalo mwandishi mwenye haya angelifunika. Wahamiaji hao, watu wa bidii, wanaosali, wasiokunywa, waliwatazama wale Waingereza wachache kwa dharau. Hawakutaka watoto wao wacheze na watoto wa mama aliyechora tatuu shingoni na kuvuta sigara mlangoni. Mwanamke aliyewahi kutukanwa barabarani kwa sababu ya macho yake ya Kiasia sasa alikuwa anamkinga Mwingereza mweupe asibaguliwe na wageni wenzake. Angeweza kuishangilia zamu hiyo. Hakufanya hivyo, kwa sababu ameona inakotoka: chumba kimekuwa kidogo, vitu vya kugawana vimekuwa vichache, na waliobaki wanatafutana ubaya. Mwishowe kituo kilifungwa, na mahali pake pakawa ghala la kugawia chakula cha msaada. Habari hizo alizikusanya katika kitabu chake cha 2017 kuhusu vita vya kitabaka vya watoto, kikashinda Tuzo ya Shincho ya maandishi ya kweli.

Kitabu kilichomfanya ajulikane kila nyumba Japani kilitoka 2019: Mimi ni Njano, Nyeupe, na Kidogo Buluu. Jina lilitokana na maneno yaliyoandikwa kwenye daftari na mwanawe, kijana wa mama Mjapani na baba Mwairishi. Habari yenyewe ni nyepesi kusimulia. Mtoto alisoma shule ya msingi ya Kikatoliki iliyokuwa juu kabisa katika orodha ya shule za mji. Ukafika wakati wa sekondari, naye badala ya kuendelea na wenzake kwenye sekondari ya Kikatoliki akachagua ya mtaani, shule ambayo zamani ilikuwa mkiani na ilikuwa imejikongoja hadi katikati kwa kuwaachia watoto wafanye wanachokipenda: muziki, dansi, maigizo.

Sasa tazama rangi za shule hizo mbili. Ile ya juu, ya Kikatoliki, ndiyo iliyokuwa na watoto wa kila aina: wa wahamiaji kutoka Afrika, Ufilipino, Amerika Kusini, Ulaya bara. Ile ya mtaani ilikuwa na Waingereza weupe karibu watupu. Sababu si fumbo. Matokeo ya shule huchapishwa, nyumba zilizo karibu na shule nzuri hupanda bei, na mzazi mhamiaji aliyevuka bahari kwa ajili ya watoto atajinyima, atahama mtaa, atabatiza, ilimradi mtoto aingie shule ya juu. Mzungu aliyezaliwa katika nyumba ya halmashauri humpeleka mwanawe shule iliyo chini ya kilima, ileile aliyosoma mwenyewe. Kwa hiyo mchanganyiko wa watu, ambao wanasiasa huusifu kama tunu ya nchi, umekuwa bidhaa ya waliofanikiwa au wanaokaribia kufanikiwa. Aliye chini anabaki na watu wa rangi yake, kisha anasutwa kwamba ni mbaguzi kwa sababu hajazoea wengine.

Ndiyo hoja nzito kuliko zote katika kazi yake, kwa maoni yangu, na imepita kimyakimya kwa wasifiaji wengi. Wao walishika mafunzo ya kuheshimiana. Yeye alikuwa anasema kwamba kuheshimiana nako kunahitaji nauli.

Katika habari za shule hiyo ya mtaani kuna mambo mawili ambayo siwezi kuyaruka. La kwanza ni mashindano ya kuogelea ya shule za mji. Upande mmoja wa bwawa walijazana watoto wa shule za serikali, wamebanana hawana pa kukanyaga. Upande wa pili walikaa wachache wa shule binafsi za ada kubwa, kwa nafasi zao, wakijinyoosha. Maji ni yaleyale, filimbi ni ileile. Walioshinda ni wale waliokuwa na nafasi ya kujinyoosha, maana nyuma yao kuna makocha na saa za mazoezi. Mama aliyekaa jukwaani hakuhitaji mtaalamu wa jamii kumfafanulia.

La pili ni sare. Shuleni palikuwa na wazazi waliojitolea kukusanya sare zilizotumika, kuzishona, na kuziuza kwa bei ya kutupa. Mikako akachukua mafurushi nyumbani, akakaa na cherehani. Kutoka kwa waliokuwa naye akasikia kwamba walimu walikuwa wakitoa fedha mfukoni mwao kuwanunulia chakula wanafunzi wasio na hela ya mchana. Mwanawe alikuwa na rafiki kutoka majengo ya halmashauri ya juu kilimani, aliyevaa sare iliyopauka na kuchakaa kwa kurithiwa. Nguo za kumfaa zilikuwepo, ndani ya furushi lililokuwa sebuleni. Tatizo likawa moja tu: zitolewe vipi? Mama, aliyesomea ulezi na kuandika juu ya matabaka, alizunguka chumba hajui aseme nini ili asimwaibishe mtoto wa watu. Rafiki alipokuja nyumbani, kijana akamkabidhi. Yule akauliza kwa nini apewe yeye. Akajibiwa kwamba ni kwa sababu wao ni marafiki, na jambo likaisha. Sura hiyo husomwa kama somo la wema. Mimi huisoma kwa hasira kidogo: nchi iliyoandaa Olimpiki 2012 inategemea cherehani ya mama mhamiaji ili mtoto mweupe avae suruali isiyotoboka.

Kuna sura nyingine inayotugusa sisi moja kwa moja. Shuleni alihamia msichana mwenye asili ya Afrika, na muda si mrefu darasa likafundishwa kuhusu ukeketaji. Uingereza ina sheria ya 2003 inayoadhibu hata anayempeleka binti kukeketwa nje ya nchi, na shule zinatakiwa kuwa macho kabla ya likizo ndefu ya kiangazi. Minong'ono ikaanza: huyu naye atapelekwa? Mikako alipokutana na mama wa msichana, akaanzisha mazungumzo ya kawaida, akauliza kama watasafiri likizo. Mama yule alilisikia swali kwa sikio jingine kabisa, na alikuwa na haki. Akajibu kwa ukali kwamba hawaendi Afrika, na urafiki uliokuwa unaanza ukafia hapo.

Ukiisoma sura hiyo ukiwa Musoma au Narok, hofu ya walimu wale haikuchekeshi. Mkoani Mara likizo ya Desemba ndiyo msimu ambao wasichana hukimbilia nyumba salama, na Kenya ina sheria yake tangu 2011. Shule ikifungwa, hatari inafunguliwa, kule na huku. Lakini huku mapambano yanaongozwa na wanawake wa palepale, wanaojua nani ni nani, ukoo upi unakeketa na upi umeacha. Darasa la Brighton lilikuwa na binti mmoja mweusi na Afrika nzima ikawekwa mgongoni kwake. Mikako anaonyesha jinsi nia njema isiyo na ujuzi inavyoweza kumfanya mtoto mtuhumiwa, na anajiweka mwenyewe katikati ya tukio. Natamani angekwenda mbali zaidi, amtafute yule mama amsikilize. Hakumtafuta, au hakuandika.

Hilo ndilo lalamiko langu juu ya kazi yake kwa jumla. Anasimulia vizuri mno, na kwa ucheshi, kiasi kwamba mama wa posho mara nyingine anabaki kichekesho chenye huruma, anayeonekana kwa macho ya mlezi tu. Msomaji wa Tokyo anaweza kucheka, kulia, kununua nakala nyingine ya zawadi, na kurudi kwenye shughuli zake akiamini kwamba matabaka ni ugonjwa wa Waingereza. Vitabu viwili vya kijana wa Brighton, cha 2019 na mwendelezo wake wa 2021, vimeuza zaidi ya nakala milioni 1. Wauza vitabu walikitunuku cha kwanza, na gazeti la Mainichi likakipa tuzo maalumu.

Hata hivyo sidhani walinunua kwa ajili ya Uingereza peke yake. Takwimu za serikali ya Japani za 2012 zilionyesha mtoto mmoja kati ya sita akiishi katika umaskini, katika nchi iliyomwambia binti wa kibarua kwamba hayupo. Februari 2016 mama mmoja asiyejitaja jina aliandika ujumbe wa hasira mtandaoni baada ya mwanawe kukosa nafasi katika kituo cha kulelea watoto, akiilaani nchi nzima ife. Ujumbe ulifika bungeni, Waziri Mkuu Shinzo Abe akajibu kwamba hawezi kuthibitisha kama habari hizo ni za kweli kwa kuwa mwandishi hakujitaja, na mama wengine wakasimama nje ya bunge na mabango kusema kwamba wao ndio. Watoto zaidi ya 23,000 walikuwa kwenye orodha ya kusubiri mwaka huo. Watu wa namna hiyo wakipewa kitabu kinachosema kwamba kulea mtoto ni siasa, hawahitaji kutafsiriwa.

Mwaka 2023 Mikako akatoa riwaya, Respect, juu ya kisa cha kweli cha London mashariki. Mwaka 2013 mama vijana 29 waliokuwa wakiishi katika hosteli ya Focus E15, Stratford, jirani na viwanja vya Olimpiki, walipewa notisi ya kuondoka. Walitakiwa wahamie miji ya mbali kama Hastings, Birmingham na Manchester, mbali na mama zao, mbali na yeyote anayeweza kuwashikia mtoto. Walikataa. Mwaka uliofuata wakavamia nyumba za halmashauri zilizoachwa tupu katika mtaa wa Carpenters, wakaweka mabango madirishani, wakafungua milango kwa majirani na watoto wao. Katika riwaya hii hakuna mlezi wa Kijapani anayewaeleza mama hao kwetu. Wanajisemea, wanatukana, wanakosea, wanabishana wenyewe kwa wenyewe nani atabaki na watoto na nani ataenda kuzungumza na halmashauri.